Kupaka Mabaka kwenye Kifaru cha Mfano: Panzer IV ya Mwaka 1943, Hatua kwa Hatua

Kabla hujafungua kopo lolote, mfikirie kwanza mtu aliyekipaka kifaru chenyewe.

Hadi mwanzoni mwa 1943 vifaru vya Ujerumani huko Ulaya vilitoka kiwandani vikiwa na rangi ya kijivu iliyokoza, RAL 7021 (RAL ni mfumo wa Kijerumani wa kuzipa rangi namba). Februari mwaka huo ikatoka amri mpya. Rangi ya msingi ikawa manjano ya vumbi, Dunkelgelb, na vikosi vikaanza kuletewa makopo ya rangi nzito mfano wa lami laini: kijani cha zeituni, Olivgrün RAL 6003, na kahawia yenye wekundu, Rotbraun RAL 8017. Askari waliizimua kwa maji au petroli, wakaipuliza kwa kipulizia cha kompresa, na kisipokuwepo wakapaka kwa brashi. Hapakuwa na mchoro mmoja wa kufuata. Kila kikosi kilichora mabaka yake ya kujificha kulingana na mahali kilipo, na mara nyingi vifaru viwili vya kikosi kimoja havikufanana.

Kwa hiyo swali la kwanza kwako ni hili: askari wako alishika nini mkononi? Kipulizia huacha kingo laini zinazofifia. Brashi huacha kingo kali na alama za nywele zake. Ukishaamua hilo, karibu kila kitu kinachofuata kinajipanga chenyewe.

Swali la pili ni la hesabu. Panzer IV Ausf. H, yaani toleo la H, ina urefu wa mita 7.02 pamoja na mtutu. Kwenye skeli ya 1:35 hiyo ni sentimita 20, sawa na rula ndogo ya mwanafunzi. Mlia wa upana wa sentimita 30 kwenye kifaru halisi unakuwa milimita 8.6 kwako. Na ule ukingo laini wa kipulizia, tuseme sentimita 5, unakuwa milimita 1.4 tu. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanahangaika wiki nzima kutafuta kijani sahihi, halafu wanapuliza mlia ambao ukingo wake una ukungu wa milimita sita. Ukizidisha kwa 35, huo ni ukungu wa zaidi ya sentimita 20, na jicho linaukataa hata kama mwenye jicho hajui sababu. Kijani kikikosea kidogo, hakuna atakayegundua. Ukingo ukikosea, kila mtu ataona kitu cha kuchezea.

Uchaguzi wa kifaru na picha

Kwa mara ya kwanza ninapendekeza Ausf. H za mwanzo, za katikati ya 1943. Za baadaye zilipakwa Zimmerit, ule utando wenye mistari wa kuzuia mabomu ya sumaku, uliotumika hadi Septemba 1944. Unapendeza, lakini rangi hujikusanya kwenye mifereji yake na kumsumbua anayeanza.

Ausf. H ina faida nyingine kubwa: mabamba membamba ya ubavuni, Schürzen, yaliyoning'inizwa kwenye reli na kuzunguka mnara pia, yaani kile kichwa cha juu kinachozunguka chenye mzinga. Ubavu mmoja unakupa ukuta mpana, bapa, usio na vikwazo. Ni mahali pazuri pa kujifunzia kuchora mlia mrefu bila mkono kukwama kwenye boliti.

Kuhusu picha za wakati huo: nyingi ni nyeusi na nyeupe, na humo kijani na kahawia hutoka karibu sawa. Usizitumie kupima rangi. Zitumie kupima upana wa milia, mwelekeo wake, ukali wa kingo, na kiasi cha manjano kilichobaki wazi.

Vifaa

Brashi ya hewa ya vitendo viwili, yaani ile ambayo kubonyeza kunaleta hewa na kuvuta nyuma kunaleta rangi, yenye nozeli ya milimita 0.3 au 0.2. Ile ya kitendo kimoja inaweza kupaka rangi ya msingi, lakini kwa mistari ya milimita mbili itakutesa. Kompresa iwe na tangi la hewa, kidhibiti cha presha na kichujio cha maji. Hicho kichujio si anasa kwa tunaoishi pwani. Dar es Salaam, Zanzibar au Mombasa wakati wa masika, hewa imebeba maji mengi kiasi kwamba bila kichujio utaona matone yakitoka na rangi katikati ya mlia. Mimi hupuliza mchana jua likiwa limewaka, si alfajiri wala usiku.

Rangi ninazotumia ni za akriliki za Tamiya: XF-60 kwa manjano, XF-61 kwa kijani, XF-64 kwa kahawia, pamoja na XF-57, manjano hafifu ya vumbi, na XF-2, nyeupe, za kuangazia. Thina yake ni X-20A. Ukiwa na rangi za Vallejo pia zinafaa, ila zile ni za maji na thina yake ni nyingine kabisa. Ukizimwagia thina yenye alkoholi zinaganda kama maziwa yaliyokatika na kuziba nozeli.

Na hapa nisikilize vizuri: usitumie thina ya duka la vifaa vya ujenzi, ile ya mafundi wa kupuliza magari, juu ya plastiki. Inayeyusha polistirini, plastiki ya kifaru chako. Niliwahi kuitumia kufuta kosa dogo kwenye mnara, na ndani ya dakika moja boliti na mistari yote ya ubavu mmoja ilikuwa imelainika kama sabuni. Mnara ule haukurudi tena. Hiyo thina iache kwa kusafishia chuma cha brashi ya hewa tu, ikiwa imeondolewa mpira wa kuziba.

Ongeza barakoa yenye kichujio cha kaboni, si ya kitambaa, na kaa dirishani. Mengine ni ya nyumbani: vijiti vya meno, pamba za masikio, bomba la sindano la kupimia matone, vifuniko vya chupa vya kuchanganyia.

Maandalizi

Usigundishe kila kitu. Acha mbali mnara, mabamba ya ubavuni, magurudumu, minyororo na zana za nje kama koleo na nyaya za kuvutia. Kiwiliwili kibandike juu ya kipande cha mbao kwa gundi ya muda ili ukigeuze bila kukigusa.

Osha vipande vyote kwa maji ya uvuguvugu na tone la sabuni ya vyombo, suuza, acha vikauke usiku kucha. Plastiki hutoka kiwandani na mafuta ya kalibu, na vidole vyako vimeongeza mengine. Baada ya hapo usiishike bila glavu.

Praima: tabaka moja au mawili mepesi ya Mr. Surfacer 1000 au praima ya Tamiya ya kopo. Rangi ya kijivu inatosha. Mimi hupenda kahawia nyekundu, kwa sababu praima ya kiwandani yenyewe ilikuwa ya rangi hiyo, na pale rangi ya juu itakapokuwa nyembamba kidogo kwenye pembe, joto lake linaonekana kwa mbali. Ukiona uso umekuwa wa chengachenga kama ukuta wa lipu, umepuliza ukiwa mbali mno na rangi imekauka hewani. Pitisha msasa laini wa maji, namba 1500, kisha rudia.

Rangi ya msingi

Zimua XF-60 kwa thina kiasi sawa kwa sawa. Presha kati ya psi 15 na 20. Simama sentimita nane hadi kumi kutoka kwenye plastiki na pita kwa mapito mepesi, ukianzia nje ya kipande na kumalizia nje. Mapito matatu mepesi ni bora kuliko moja zito. Anza na sehemu zilizofichika: chini ya ukingo wa mnara, nyuma ya masanduku, kona za ndani.

Kisha angaza. Rangi ile ile ikipakwa kwenye kitu kidogo huonekana imekoza kuliko kwenye kitu kikubwa, hivyo kifaru cha sentimita 20 kilichopakwa rangi halisi ya kiwandani kitaonekana cheusi mno mezani. Changanya sehemu nne za XF-60 na moja ya XF-57, na tone dogo la nyeupe, upulize katikati ya mabamba ya juu, ukiacha kingo na kona na rangi ya kwanza. Tofauti iwe ndogo. Ukiiona vizuri sasa, umezidisha.

Subiri siku nzima. Rangi ya akriliki inagusika baada ya dakika chache, lakini haijashika.

Kuchora mabaka

Usianze na kifaru. Chukua karatasi, chora kifaru kutoka pande tano: mbele, nyuma, kushoto, kulia na juu, kisha weka milia kwa penseli. Kazi ya mabaka ni kuvunja umbo. Mlia mzuri unavuka ukingo: unapanda kutoka kwenye bamba la ubavuni, unapinda juu ya kiwiliwili, unaendelea kwenye mnara. Mlia unaokoma pale bamba linapokoma unachora ukingo badala ya kuuficha. Ukisimamisha milia yote wima utapata pundamilia. Ipe mshazari, ipinde, mingine ifanye kama herufi Y, na iache umbali usiolingana.

Weka mabamba ya ubavuni mahali pake kwa muda, mnara ukitazama mbele, ukichora. La sivyo milia haitaungana.

Usihamishe mchoro kwenye kifaru kwa penseli ya kawaida. Risasi yake inang'aa na inachungulia chini ya rangi. Tumia penseli ya rangi ya maji, au fanya kama ninavyofanya: chora moja kwa moja na brashi ya hewa ikiwa na rangi iliyozimuliwa sana, kiasi kwamba mpito wa kwanza hauonekani vizuri. Ukikosea, hujapoteza kitu.

Kupuliza kijani na kahawia

Hii ndiyo hatua ya kupewa muda. Jioni moja haitoshi.

Zimua sehemu moja ya XF-61 kwa sehemu mbili za thina. Iangaze kidogo kwa XF-60 yenyewe, sehemu tano kwa moja. Kuweka rangi ya msingi ndani ya kijani kunazifanya zionekane zimepigwa jua moja. Shusha presha hadi psi 10 hivi. Ondoa kofia ya sindano kama brashi yako inaruhusu, uwe mwangalifu isigonge mahali, kwa kuwa ncha ikipinda tu brashi itatema rangi pembeni. Sasa sogea: sentimita moja hadi mbili kutoka kwenye plastiki. Ndiyo, karibu hivyo. Umbali ndio unaoamua upana wa ukungu wa ukingo. Ukirudi sentimita tano, ile hesabu ya milimita 1.4 imekufa.

Jaribu kwanza kwenye plastiki chakavu iliyopigwa praima, si kwenye karatasi, kwa sababu karatasi inanyonya na kukudanganya. Chora mstari. Ukitoa miguu kama ya buibui, rangi ni nyepesi mno au presha ni kubwa mno. Ukitoa chembechembe kavu, rangi ni nzito, ongeza thina. Ukiwa safi, piga mistari kumi zaidi hadi mkono uzoee, ndipo uende kwenye kifaru.

Kanuni ya kidole: bonyeza hewa kwanza, anza kuusogeza mkono, kisha vuta rangi. Kumaliza ni kinyume: kata rangi, mkono ukiendelea kwenda, kisha kata hewa. Anayefungua rangi mkono ukiwa umesimama anapata nukta nene mwanzo na mwisho wa kila mlia.

Fuata mpaka wa baka kwanza kwa mstari mwembamba, ukielekeza brashi ndani ya baka kidogo ili ukungu uangukie ndani. Kisha jaza katikati kwa mizunguko midogo. Usijaribu kukoza kwa mara moja. Pita, acha sekunde ishirini, pita tena. Kila dakika mbili tatu chovya pamba ya masikio kwenye thina, funga hewa, ufute ncha ya sindano. Rangi ya akriliki hukauka pale kwenye ncha, hasa kukiwa na joto, na ndiyo inayotema madoa.

Maliza kijani chote, kisha lala. Kesho yake fanya kahawia kwa namna ile ile. XF-64 huonekana nyekundu mno ikiwa kopo jipya; tone la XF-60 linaituliza. Acha kahawia ikanyage kijani mahali pachache, kwa sababu aliyekuwa na kipulizia uwanjani hakuchunga mipaka kama mchora ramani. Lakini acha manjano wazi ya kutosha. Wengi, na mimi nilikuwa mmojawapo, tunajaza hadi manjano yanabaki visiwa. Mimi sasa husimama pale ninapohisi bado kidogo.

Ukimaliza zote mbili, rudi na manjano. Huu ndio ufunguo ambao miongozo mingi inaupitia juu juu. Safisha brashi, weka ule mchanganyiko wa msingi ulioangazwa (kwa hiyo usiumwage, uhifadhi kwenye kichupa), na kwa presha ile ile ya chini pita ukingo kwa ukingo, ukikata ukungu uliozidi na kunyoosha milia iliyonenepa. Kisha kijani kidogo pale manjano yalipozidi. Ni mazungumzo ya kwenda na kurudi, na baada ya saa moja ya kazi hii kingo zinakuwa na ule wembamba ambao mkono peke yake hauwezi kuutoa kwa mpito mmoja.

Kama huna brashi ya hewa

Usikate tamaa. Kuna njia mbili, na ya pili ninaipenda kwa dhati.

Ya kwanza ni rangi ya kopo la kupuliza na udongo laini wa kubandikia kama Blu Tack. Viringisha kamba za unene wa milimita tatu, zizungushe kwenye mpaka wa baka, jaza sehemu ya kulinda kwa udongo zaidi au utepe wa karatasi, kisha puliza ukiwa umesimama wima juu ya uso. Ule mviringo wa kamba huacha ukingo laini kidogo, karibu na kipimo tunachotaka. Ukipuliza kwa mshazari, rangi inaingia chini upande mmoja na kukwama upande wa pili. Ondoa udongo ndani ya saa moja au mbili, usiuache usiku kucha ukaacha mafuta. Udongo wa watoto wa shule usiutumie, una mafuta mengi zaidi.

Ya pili ni brashi ya mkono. Askari waliokosa kipulizia walifanya hivyo hivyo, kwa hiyo si njia ya pembeni, ni historia. Hapa rangi za maji kama Vallejo ni bora kuliko Tamiya, ambayo hujikwangua yenyewe ukiipitia mara ya pili. Zimua kidogo kwa maji, tumia brashi bapa laini, tabaka tatu au nne nyembamba, kila moja ikauke. Kingo ziwe kali bila aibu.

Magurudumu

Panzer IV ina magurudumu manane kila upande. Yapake manjano, kisha shughulikia mipira. Chukua rula ya duara ya wachoraji, ile ya plastiki yenye matundu ya vipimo, tafuta tundu linaloziba mpira na kuacha chuma, puliza. Dakika moja kwa gurudumu. Mpira usiwe mweusi tii. XF-85, nyeusi ya mpira, au kijivu kilichokoza kinatosha.

Kuunganisha rangi tatu

Sasa kifaru kitaonekana kikali, kila rangi imesimama peke yake. Zimua XF-57 kwa thina asilimia 95 na upulize ukungu mwembamba juu ya kifaru kizima, sentimita kumi na tano mbali, mpito mmoja au miwili. Rangi zote tatu zinavaa vumbi moja na kukaa pamoja.

Acha siku mbili. Puliza vanishi ya kung'aa, weka alama: misalaba ya Balkenkreuz, alama ya jeshi la Ujerumani, na namba za mnara. Vanishi hiyo inaziba vijishimo ambavyo vingeshika hewa chini ya stika na kuacha ule weupe wa fedha. Kisha zimua rangi ya mafuta ya wachoraji, kahawia iliyokoza, kwa spiriti nyeupe, na uiguse kwa brashi nyembamba kuzunguka boliti na kwenye mistari ya mabamba tu. Usikimwagie kifaru chote. Spiriti ikituama kwenye kona inaweza kuifanya plastiki ipasuke. Baada ya siku nzima, funika kwa vanishi isiyong'aa.

Mabamba ya ubavuni yarudishe mwisho kabisa. Kabla hujayaning'iniza, angalia ubavu wa kiwiliwili nyuma yake. Kama askari wako alipuliza mabamba yakiwa yamefungwa, kipulizia hakikufika huko ndani, na hapo panatakiwa manjano matupu. Ukiamua bamba moja lilipotea njiani, likatwe na kuondolewa: reli ibaki tupu, mlia ukatike ghafla pale lilipokuwa, na manjano yasiyo na mabaka yachungulie katikati ya kijani na kahawia.